Magari 22, Pampu Nne: Kupanga Kambi ya Baridi Kwenye Mchanga wa Sharqiya

Jumamosi ya katikati ya Desemba, saa 9:40 alasiri, pembezoni mwa lami karibu na Al Mintirib, wilaya ya Bidiyah, Oman. Magari 22 yamepanga mstari, mchanga umejaa hadi kwenye mikunjo ya milango. Tairi zote zimelala, maana zilipunguzwa upepo ili zipite mchangani. Boneti nne ziko wazi, na kwenye kila betri imebanwa pampu ya upepo inayonguruma. Mpira umevutwa hadi kwenye gurudumu, na mtu amechuchumaa anasoma geji. Wenye magari 18 wanangoja zamu. Watoto wamelala viti vya nyuma. Mmoja anauliza, kwa mara ya tatu sasa, kama kituo cha mafuta kina upepo.

Kinao. Foleni yake imefika barabarani.

Piga hesabu. Magari 22 ni tairi 88. Kila pampu ina tairi 22, na pampu nzuri ya betri hupandisha tairi moja kutoka psi 15 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) hadi 35 kwa dakika nne hivi. Hiyo ni saa moja na nusu, bado hujahesabu kuhamisha mpira na pampu kupumzishwa ikishapata moto. Jua la Desemba pale huzama saa 11:20 au kupita kidogo. Gari la mwisho litaingia barabara kuu gizani, saa ambayo ngamia wanavuka, na Muscat iko zaidi ya kilomita 200 mbele.

Swali lililonisumbua wiki kadhaa sasa ni hili: kwa nini mikusanyiko ya baridi iliyopangwa vizuri, yenye ramani, nyama ya kutosha na watu wazoefu, huishia hapa? Wengi hujibu kwamba watu walichelewa kuamka. Jibu hilo halijawahi kuniridhisha.

## Mchana mfupi

Majira ya baridi ndiyo msimu wa mchanga Oman. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Machi hivi, injini hazichemki na watu wanaweza kukaa nje bila kutafuta kivuli. Kila kikundi Muscat kinajua hilo, wakiwemo jamaa zetu wa Kiswahili ambao kwao mpango wa kambi huanzia kwenye chai ya Alhamisi na kuishia kwa orodha ya majina 40.

Kinachosahaulika ni kwamba msimu wenye hewa nzuri ndio wenye mchana mfupi. Katikati ya Desemba jua linachomoza kama saa 12:40 asubuhi. Ukiondoa umande, ukungu, chai na kukunja mahema, msafara hauondoki kabla ya saa 3. Jioni nayo ipangwe kinyumenyume: jua linazama 11:20, kambi inataka muda wa saa moja na nusu wa mwanga, kwa hiyo mchezo wa matuta uishe saa 9:45. Toa sala na chakula cha mchana, saa moja na nusu. Umebaki na saa tano za kuendesha.

Tano tu.

Ijumaa, siku ya kwanza ya wikendi Oman, ina hesabu yake. Wapo watakaotaka kuwahi msikitini mjini, na wapo watakaojihesabu wasafiri. Kila mmoja ana hoja, lakini jambo hili liulizwe wiki moja kabla, siyo saa 5 asubuhi katikati ya bonde. Kama wengi wanakwenda msikitini, Ijumaa asubuhi chezeeni matuta ya karibu na mji na safari ya ndani iwe ya Jumamosi.

Alhamisi usiku ndiko mipango mingi inakovunjikia. Serikalini wanatoka kuanzia saa 8:30 mchana, sekta binafsi wengi wanatoka magharibi. Barabara inakula saa mbili na nusu. Maana yake karibu kila mtu anafika gizani, na waandaaji wanaolazimisha kambi ya kwanza iwe "ndani kidogo, kilomita nane tu" wanawalazimisha watu wapunguze upepo kwa tochi na kupanda tuta wasiloona upande wake wa pili. Tuta usiku halina umbo. Taa za gari zinamulika mbinguni unapopanda, na ukifika juu hujui kama mbele kuna mteremko laini au ukuta.

Kambi ya usiku wa kwanza iwe kwenye kokoto, ukingoni mwa mchanga, mahali ambapo hata gari dogo linafika bila kugusa upepo. Haipendezi kwenye picha. Lakini aliyefika saa 2 usiku na aliyefika saa 6 usiku wote wanalala.

## Dakika kumi za kila mtu

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu ukubwa wa msafara.

Chukua makadirio ya huruma: kila gari linakwama mara moja tu kwa siku, na kulitoa kunachukua dakika 10. Kwa magari saba ni dakika 70. Kwa magari 22 yanayotembea mstari mmoja ni dakika 220, saa tatu na dakika 40, kutoka kwenye saa zako tano. Nilifikiri utetezi ni kwamba wazoefu hawakwami. Kweli, lakini aliye mgeni anakwama mara tatu, kwa hiyo wastani unarudi palepale.

Halafu kuna jambo baya zaidi, na hili halionekani kwenye karatasi. Gari moja likikwama, yote yaliyo nyuma yanasimama pale yalipo: mengine kwenye mpando, mengine kwenye shimo la mchanga laini, mengine yameinama ubavu. Wakati wa kuondoka, mawili au matatu kati ya hayo yanashindwa kujikwamua. Yanakwama kwa sababu yalisimama. Foleni inazaa foleni. Msafara wa magari manane una mkia mfupi wa kutosha kila dereva achague pa kusimama, yaani pua ikitazama chini ya mteremko, ili uzito wa gari umsaidie kuondoka. Wa 22 hauna nafasi hiyo.

Kwa hiyo gawanya. Makundi ya magari yasiyozidi manane, ya wageni yasizidi sita.

Kugawanya nako kuna mtego ambao waandaaji wengi wanaupenda: wazoefu huku, wa kati huku, wageni kule. Inaonekana haki kabisa, kila mtu acheze na wa kiwango chake. Matokeo yake ni kundi moja lenye watu saba wanaoweza kuokoa wasiokwama, na kundi jingine la watu saba wanaokwama wasio na mwokozi. Kila kundi linahitaji wazoefu wawili: mmoja mbele anayechagua njia, mmoja mkiani mwenye koleo, kamba na subira. Wa mkia ndiye kazi yake ngumu zaidi, na ndiye asiyepigwa picha.

Ukishakubali sharti hilo, idadi ya magari inajipanga yenyewe. Viongozi wanne wa kutegemewa wanatosha makundi mawili, magari 14 hadi 16. Viongozi wawili ni magari manane. Eneo la kambi lingeweza kubeba 50, haijalishi.

Pampu nazo zihesabiwe kabla ya majina. Pampu nzuri moja kwa kila magari matatu inamaliza kwa saa moja hivi. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari usizihesabu kabisa: tairi moja ya 4x4 zinaichukua dakika nane, kumi, na baada ya tairi mbili lazima zipoe, la sivyo fyuzi inaondoka.

## Psi 15 ya mchana siyo psi 15 ya alfajiri

Kila mtu anajua kupunguza upepo. Wachache wanakumbuka kwamba baridi nayo inapunguza.

Gari limetoka Muscat kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 50 au zaidi. Dereva anashuka ukingoni mwa mchanga, anatoa upepo hadi geji isome 15, anaridhika. Usiku jangwa linashuka hadi nyuzi 12, pengine chini yake. Hewa ikipoa, mgandamizo unashuka: alfajiri tairi ileile inasoma psi 11 na kitu. Hakuna iliyovuja. Kwa kipimo hicho, kona moja kali kwenye ubavu wa tuta inatosha kuitoa tairi kwenye rimu, na mchanga unaingia kati ya mpira na chuma.

Njia rahisi ni kushuka hadi 18 tairi zikiwa na moto, kisha kupima tena asubuhi kabla ya kuwasha injini na kuweka 15 au 16 kwa gari zito, 14 kwa jepesi. Kuna wanaoanza safari na 20 na kushuka kadiri mchanga unavyodai. Wako sahihi pia, mradi kundi zima lisisimamishwe mara nne kwa ajili yao. Psi 12 iwe dawa ya kujikwamua tu, na ukishatoka usikate kona. Chini ya 10 ni kamari.

Upepo ukipungua, tairi hurefuka zaidi kuliko inavyotanuka: alama yake kwenye mchanga inakuwa ndefu kama unyayo, na uzito unatandazwa. Ndiyo maana tairi nyembamba yenye ubavu mrefu huenda vizuri kuliko tairi pana ya ubavu mfupi iliyovalishwa rimu kubwa ya urembo. Mwenye rimu za inchi 20 ana ubavu mdogo wa kulegeza, na rimu yake iko karibu na kila jiwe. Mwambie mapema.

Kutoa upepo kwa kukandamiza valvu na ncha ya ufunguo ni dakika tatu hadi nne kwa tairi. Kifaa cha kufungua kiini cha valvu kinamaliza kwa chini ya dakika moja. Hatari yake ni ndogo kwa umbo: kile kiini chenyewe, kirefu kama punje mbili za mchele, kikiruka mkononi kinazama mchangani na hukioni tena. Fanya kazi hiyo ukiwa umetandika kitambaa chini ya gurudumu, na uwe na viini kumi vya akiba kwenye kopo la dawa. Vinauzwa bei ya chai.

## Mchanga wa asubuhi unadanganya

Upande wa mashariki wa Sharqiya hupata unyevu wa bahari ya Arabu. Baadhi ya asubuhi za baridi umande ni mzito kiasi kwamba hema linachuruzika kana kwamba lilinyeshewa, na ukungu unaziba mabonde. Usiondoe msafara ndani ya ukungu. Ngojeni, nyweni chai.

Umande huo unaushika mchanga wa juu. Saa 3 asubuhi tuta linabeba gari bila kulalamika. Wageni wanapanda mara ya kwanza tu na kuanza kuuliza kwa nini waliambiwa wapunguze upepo. Saa 8 mchana tabaka lile limekauka na tuta hilohilo linameza magurudumu hadi kwenye ekseli. Kosa la njia ndilo hili: kiongozi anapita mahali pagumu asubuhi kwa urahisi, halafu ratiba yake inamtaka apande palepale alasiri kurudi kambini. Panga mipando mikali kabla ya saa 5 asubuhi na hakikisha njia ya kurudi haina mpando usio na mbadala.

Umbo la jangwa lenyewe linasaidia ukilisikiliza. Ramla hii, yaani mchanga wa Sharqiya, ina urefu wa kama kilomita 180 na upana wa 80, na sehemu ya kaskazini matuta makubwa, mengine yakikaribia mita 100, yamejilaza kaskazini kwenda kusini, na mabonde marefu katikati yake. Kwenda kusini kwa kufuata bonde ni safari ya utulivu ambayo hata mgeni anaimudu. Kukata mashariki kwenda magharibi ni kuvuka tuta baada ya tuta. Kundi la wageni lishuke kwa bonde moja, livuke mara moja tu mahali pa chini, lirudi kwa bonde la jirani. Wazoefu wanaotaka kuvuka mara sita waende wakavuke.

Jua la baridi ni rafiki kwa jambo moja. Adhuhuri ya Desemba linapanda nyuzi kama 44 tu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo vivuli havipotei kabisa na ukingo wa tuta unaonekana hata mchana. Wakati wa kiangazi saa 6 mchana jangwa zima ni karatasi nyeupe. Ila kuanzia saa 9 usipange njia inayoelekea magharibi: dereva anaendesha kwa kukisia.

Kwenye ukingo wa tuta, punguza mafuta kabla ya kufika juu, kiasi cha gari kuchungulia na kutua. Ushuke pua ikiwa imenyooka. Mkia ukianza kuteleza pembeni, geuza usukani kuelekea chini na uongeze mafuta kidogo. Anayekanyaga breki wakati huo ndiye anayebiringika. Kila gari liwe na mlingoti wenye bendera ya rangi kali, ncha yake mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, maana hatari ya kweli ya matuta ni magari mawili kufika kileleni kutoka pande mbili.

## Kamba

Mpangilio wa kutoa gari lililokwama ni huu: acha kukanyaga mafuta mara tu magurudumu yanapozunguka bila kwenda. Shuka uangalie. Ondoa mchanga mbele na nyuma ya tairi na chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kwa koleo. Jaribu kurudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe, ambako mchanga umeshindiliwa. Ikishindikana, shuka hadi psi 12. Kisha tandika mbao za mchanga chini ya magurudumu. Kamba ni ya mwisho, ingawa watu huanza nayo kwa sababu inafurahisha kutazama.

Kamba ya kunyumbuka inafaa kuliko mnyororo au waya kwa kuwa hujivuta hadi asilimia 30 ya urefu wake na kurudisha nguvu polepole. Nguvu yake ya kukatika iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Ifungwe kwenye ndoano au tundu la kuvutia lililofungwa kwenye fremu.

Isifungwe kwenye mpira wa trela. Kamwe.

Ule mpira wa chuma umetengenezwa kuvuta trela kwa mwendo wa taratibu. Ukipokea mshtuko wa kamba iliyonyumbuka unaweza kukatika shingoni, na ukikatika unaruka kama risasi kupitia kioo cha gari lililo mbele yake. Watu wameshakufa hivyo katika nchi mbalimbali. Kiongozi wa mkia akague magari yote kabla ya kuingia mchangani, na gari lisilo na tundu halisi la kuvutia libaki mjini. Kamba ya mita 9 watazamaji wasimame mita 14 au zaidi, pembeni, kamwe wasikae kwenye mstari wa kamba. Tandika jaketi zito au mkeka katikati ya kamba. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara. Wajomba wawili wakipunga mikono tofauti, dereva anamfuata anayepiga kelele zaidi.

## Kambi ya usiku mrefu

Usiku wa Desemba una saa 13. Watu wanapanga chakula wakasahau huo urefu.

Hema lisikae chini ya uso mkali wa tuta. Kuna wanaochagua hapo ili wajikinge na kaskazi, upepo uleule uliosukuma majahazi ya bandari ya Sur kuelekea Unguja, na kinga ni ya kweli. Lakini tuta ni barabara ya mtu mwingine: kijana na pikipiki ya magurudumu manne anatokea juu bila kujua kuna watoto chini. Pangeni magari yawe ukuta upande wa upepo, wekeni taa juu ya tuta la karibu, na pikipiki hizo zizimwe jua likizama. Hili halina mjadala.

Moto uwashwe kwenye karai la chuma. Kuni zije kutoka mjini, kwa kuwa miti ya mighafu iliyosimama pale ndiyo kivuli na lishe ya mifugo ya Mabedui, na hata matawi yake makavu yasiguswe. Makaa yazimwe kwa maji. Yakifukiwa mchangani hukaa na moto kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto pekupeku anayapata.

Na jiko la mkaa lisiingie hemani. Saa 9 usiku baridi inauma, mtu anavuta jiko mlangoni, kisha ndani "kwa dakika chache". Hewa ya mkaa haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Blanketi la ziada kwa kila mtu liandikwe kwenye orodha kama kitu cha lazima, sawa na koleo.

Betri ni ajali nyingine ya usiku mrefu. Friji ya gari hunywa kama ampea tatu hadi nne inapofanya kazi. Kwa hewa ya baridi inafanya kazi muda mfupi, wastani wa ampea-saa moja hivi kwa kila saa. Peke yake siyo tatizo. Ongeza taa za kamba, simu sita na spika kutoka magharibi hadi usiku wa manane, na betri moja ya ampea-saa 70 inaamka ikiwa haina nguvu ya kuzungusha injini baridi. Friji iwe na betri yake, au izimwe usiku. Ikibaki imefungwa, baridi ile itasaidia nyama isiharibike upesi. Kila kundi liwe na waya nene za kuazimia moto.

Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, hata kama hamsikii kiu. Kwa kweli ni hasa kwa sababu hiyo: kwenye baridi watu wanakunywa kahawa siku nzima na kufika jioni na kichwa kinachogonga.

Chakula nitasema kifupi. Shuwa, nyama ya Kiomani ya kufukiwa shimoni, ni tamu, lakini ni kazi ya siku nzima na zaidi, na shimo la mchanga mtupu linaporomoka juu ya nyama. Ipikeni nyumbani. Jangwani chomeni mishkaki, pasheni pilau, na mtu mmoja awe na jukumu la chai ya tangawizi alfajiri. Jukumu hilo likiwa la wote, hakuna chai.

Mafuta: gari linalokula lita 14 kwa kilomita 100 za lami litakula 25 hadi 30 mchangani. Jazeni tangi Mintirib wakati wa kuingia, hata kama geji inaonyesha nusu. Namba ya dharura Oman ni 9999, hospitali kubwa iko Ibra, na kabla ya kuondoka mtu aliyebaki Muscat awe na majina, ramani na saa mliyoahidi kutoka. Kama utabiri unataja mvua, ahirisheni: barabara inapita mabonde, na kuvuka wadi, yaani bonde la mto wa mvua, linapotiririka ni hatari na ni kosa la kisheria.

## Aliyemleta binamu

Mashaka yangu yaliyobaki yote ni ya watu.

Kwetu ni vigumu kumwambia mtu "umejaa". Orodha imefungwa magari 16, halafu Alhamisi saa 6 mchana mmoja anaandika kwamba binamu yake yuko mjini kwa wiki moja na amekodi gari, "atafuata nyuma tu". Mwandaaji mwenye haya anakubali. Gari la kukodi kwa kawaida mkataba wake unakataza mchanga, halina tundu la kuvutia, na dereva hajawahi kupunguza upepo. Limeingia mkiani, mahali ambapo kiongozi wa mwisho alipaswa kuwa.

Nilidhani dawa ni ukali. Siku hizi naona dawa ni viti. Magari 16 ya 4x4 yana viti vingi vitupu kuliko tunavyokiri. Binamu aachie gari lake Mintirib na apande na mtu. Ataona zaidi, na huenda akajifunza kushika koleo. Kwa hiyo kwenye wito msiulize tu "unakuja na gari gani?" Ulizeni viti vingapi vitakuwa vitupu.

Wito wenyewe uombe vitu vichache na uvidai: aina ya gari na kama lina gia ya lo (gia nzito ya 4x4), picha ya tundu la kuvutia la mbele na la nyuma, ukubwa wa rimu, pampu gani, amewahi kuendesha mchangani mara ngapi, na kama bima yake inagharimia nje ya barabara, kwani bima nyingi hazifanyi hivyo mpaka kipengele hicho kiongezwe. Picha ya tundu la kuvutia ni kichujio kizuri kuliko vyote. Anayetuma ndani ya siku moja atafika kwa wakati na tangi limejaa. Anayejibu "lipo, usijali" mpigie simu.

Siku ya kutoka, mchezo uishe saa 6 mchana, pampu zianze saa 7, na wenye safari ndefu na watoto wadogo wajaze kwanza. Jaza kabla ya kugusa lami: tairi ya psi 15 kwa mwendo wa barabara kuu inachemka ubavuni na kupasuka. Kila dereva akague nati za magurudumu na apige tochi chini ya gari kuona kama mpira wa breki haukuchunwa na mchanga. Kiongozi wa mkia anaondoka wa mwisho, akiwa ameweka alama kwenye kila jina. Kama viongozi wenu msimu huu ni watatu tu, wa tatu abaki akiba na wito uandikwe hivi: magari manane, nafasi za abiria 14, orodha inafungwa Jumapili.